ORS: kuichanganya, na kwa nini sukari haikwepeki

Masika yakianza Dar, watoto wanaoharisha huongezeka kliniki. Wazazi wengi wanaijua ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ila kipimo wanakichezea.

1. Pima maji. Pakiti nyingi ni za lita moja, lakini soma kwanza. Chemsha maji hata kama ni ya bomba, yapoe, kisha yapime kwa chupa ya lita.

2. Mimina pakiti yote, koroga. Hapo ndipo naulizwa: "Nesi, mtoto anaharisha, sukari ya nini tena?"

Si ya utamu. Seli za utumbo mdogo, kwa upande wake unaoelekea kwenye damu, zina pampu iliyogunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957. Kwa kila molekuli ya ATP (nishati ya seli) inayotumia, hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Haipumziki, kama mabaharia wanaofua maji kwenye mashua inayovuja. Kwa hiyo ndani ya seli sodiamu hubaki kidogo, na iliyomo kwenye utumbo hutaka kuingia. Upande huo wa utumbo kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi (sukari iliyomo kwenye ORS) kwa pamoja. Mlango wenyewe hautumii ATP. Unategemea jasho la pampu. Vikipita, maji hufuata.

Sumu ya kipindupindu huzifanya seli zimwage kloraidi na maji, lakini mlango huo haiugusi. Ndiyo maana ORS inafanya kazi hata kwa kipindupindu.

3. Usiongeze kitu. Fomula ya WHO na UNICEF ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Sukari ikizidi hubaki utumboni, huvuta maji, na mtoto huharisha zaidi. Soda ina kasoro hiyohiyo.

Umekosa pakiti? Lita moja ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima.

4. Mnyweshe kidogo kidogo. Chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila akiharisha; zaidi ya hapo, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole. Kunyonya kusikatizwe, na ulizia vidonge vya zinki. Maji ya ORS yaliyopita saa 24 mwaga.

Akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa au akiharisha damu, acha kuchanganya, mpeleke hospitali.