Kubadilisha ganda la pedi ya PS4, skrubu kwa skrubu

Ganda la pedi ya kuchezea gemu huchoka kabla ya roho yake. Vitufe vinaitika, analogi (vile vijiti viwili vya vidole gumba) zimetulia, betri bado inakaa na chaji, lakini plastiki imepauka, inanata jasho, na kona moja ina ufa wa siku ile ilipoanguka sakafuni. Hiyo ndiyo pedi ya kuvishwa ganda jipya. Kama shida yako ni analogi inayojisogeza yenyewe au R1, kitufe cha juu begani kulia, isiyosikia, ganda halitakusaidia kitu. Utakuwa umemvalisha mgonjwa suti. Tengeneza kwanza, ndipo upambe.

Nitaenda na DualShock 4, pedi ya PS4 (PlayStation 4). Ndiyo ninayoifungua mara nyingi, na ndiyo nzuri ya kujifunzia: skrubu nne nje, moja ndani, basi.

Hatua ya 1: Ijue pedi yako kabla ya kununua ganda

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. DualShock 4 ziko za matoleo mawili, na ukiziweka mezani utasema ni mapacha. Geuza pedi, soma lebo ya mgongoni. CUH-ZCT1 ni ile iliyokuja na PS4 mwaka 2013. CUH-ZCT2 ilitoka 2016, na unaitambua hata bila lebo: ukiiwasha, taa inaonekana pia kama mstari mwembamba juu ya tachipadi, lile bamba la kugusa la katikati. Ndani, kwenye bodi, kuna namba nyingine inayoanza na JDM. JDM-001, 011 na 030 ni za toleo la kwanza. 040, 050 na 055 ni za la pili. Wauza maganda wengi huandika hizo JDM, sio CUH, kwa hiyo usiagize mpaka umejua yako iko upande gani.

Kwa macho maganda haya yanalingana, lakini nguzo za ndani zinazoshika bodi hazikai mahali pamoja. Niliwahi kulazimisha ganda la toleo la pili kwenye pedi ya toleo la kwanza, nikiamini ubishi wangu kuliko namba. Lilifunga. Lakini ubavuni ulibaki mwanya wa kuingiza ukucha, na L2, kile kifyatulio cha kushoto, ikawa inakwama kila ikibonyezwa mpaka mwisho. Nililifungua tena usiku uleule.

Kuhusu rangi, chagua upendavyo, ila nikuambie kitu kimoja: maganda yanayong'aa kama kioo ni mazuri kwenye picha tu. Mkono ukitoa jasho yanateleza, na mikwaruzo haijifichi. Ganda lisilong'aa, lenye ukavu kidogo ukilipapasa, ndilo la mtu anayecheza kweli.

Hatua ya 2: Vifaa na meza

Bisibisi ndogo ya msalaba, PH0 au PH00. Kibano. Kadi ya plastiki isiyotumika, au piki ya gitaa. Msasa laini. Kitambaa cheupe cha kutandika mezani. Weupe wake una kazi, utaona kwenye hatua ya 5. Na simu yenye kamera. Kisu kiache jikoni.

Zima pedi kabisa kwa kushikilia kitufe cha PS sekunde 10, na chomoa waya wa chaji.

Hatua ya 3: Kufungua

Laza pedi kifudifudi, toa skrubu nne za mgongoni. Bisibisi ikae wima na uikandamize kabla ya kuizungusha, maana kichwa cha skrubu kikishalika utaanza safari nyingine kabisa.

Sasa punguza mwendo. Anza kuachanisha nusu mbili kuanzia mikononi, ukipitisha kadi kwenye mshono. Utasikia vibanio vikiachia, ta, ta. Karibu na tundu la hedifoni huwa pagumu kidogo. Bana kwa vidole gumba, usipinde. Zikishaachana, USIZIVUTE. Kuna utepe mwembamba unaounganisha bodi kubwa na bodi ndogo ya chaji na taa iliyobaki kwenye nusu ya nyuma. Wanaoharibu pedi siku ya kwanza karibu wote wanaiharibu hapa, kwa furaha ya kuona imefunguka. Inua nusu ya nyuma kama unavyofungua kitabu, kisha shika ncha ya utepe pale unapoingia kwenye bodi kubwa na uuvute moja kwa moja, bila kuupindisha. Piga picha ya kwanza.

Hatua ya 4: Kutoa vya ndani

Betri iko juu kabisa. Shika soketi yake nyeupe kwa kibano na uichezeshe kushoto na kulia mpaka itoke, usivute nyaya. Ni betri ya lithiamu ya mAh 1000, kwa hiyo usiichokoe na chochote chenye ncha. Ukiikuta imevimba kama mto, isirudi ndani ya ganda jipya. Tafuta nyingine, na hiyo uipeleke panapopokelewa betri chakavu, sio kwenye pipa la taka.

Toa kitako cha plastiki kilichobeba betri. Chini yake kuna skrubu moja inayoshika bodi. Iweke peke yake, isichanganyike na zile nne. Kisha utepe wa tachipadi: soketi yake ina kifungio kidogo, kiinue kwa ukucha kwanza, ndipo utepe utoke bila ubishi. Ukiona unatumia nguvu, ujue hujakiinua.

Sasa bodi, fremu, analogi na mota mbili za mtetemo vinanyanyuka kwa pamoja. Mota zimechomelewa kwa nyaya nyembamba; zibebe, usiziache zining'inie. Wala usitenganishe bodi na fremu. Kati yao kuna utando unaopeleka taarifa za vitufe, umetulia mahali pake, na hauna kosa lolote.

Hatua ya 5: L2, R2 na springi

Hii ndiyo hatua inayotofautisha saa moja ya kazi na mchana mzima. Kama ganda lako limekuja na L2 na R2 zake na unataka rangi ziwiane, itabidi uzihamishe. Kila moja ina springi ndogo yenye miguu miwili: mmoja unaingia kwenye kitufe chenyewe, mwingine unaegemea fremu. Ukichomoa kitufe bila kuishika, springi inaruka. Yangu ya kwanza iliruka nikasikia imegonga ukuta, na sikuiona tena mpaka siku nilipohamisha kabati.

Fanya hivi. Fanya kazi juu ya kile kitambaa cheupe. Weka kidole juu ya springi, bana kitufe ubavuni kwa mkono wa pili, kisha ukichomoe taratibu upande mmoja wa ekseli halafu wa pili. Kabla hujagusa kitu kingine, piga picha springi ilivyokaa. Maliza L2 yote, yaani kutoa ya zamani, kupachika mpya na kuijaribu kwa kidole, ndipo uende R2. Mwenzake akiwa bado mzima unakuwa na mfano mbele yako. Kumbuka tu kwamba wako kama mtu na kioo, springi ya kushoto sio ya kulia.

Ukibonyeza, kitufe kirudi chenyewe kwa kishindo kidogo. Kikirudi kivivu au kikabaki chini, mguu mmoja wa springi uko nje. Usijidanganye kwamba kitajirekebisha ukishafunga.

Hatua ya 6: Kuliandaa ganda jipya

Maganda haya huja na mabaki ya plastiki kwenye kingo, hasa kwenye matundu ya vitufe. Kabla ya kuhamisha chochote, tumbukiza kila kitufe kwenye tundu lake na ukitikise. Kikikwama, pitisha msasa laini mara mbili tatu, pangusa vumbi, jaribu tena. Dakika tano hapa zinakuepusha na kufungua upya.

Kisha lilaze kifudifudi. Vitufe vya duara, pembetatu, mraba na msalaba vina mapezi ya pembeni yanayokubali mahali pamoja tu, kwa hiyo kitufe kikikataa, kimepotea nyumba. Juu yake weka mipira ile ya zamani ikiwa imefutwa vizuri. Tachipadi ihamishe nzima kama ilivyo. Usisahau kitufe cha PS na vile vidogo viwili vya Share na Options. Ni rahisi kuvikumbuka ukishafunga kila kitu.

Bodi ya chaji na plastiki ya taa nazo zihamie nusu mpya ya nyuma. Angalia zinavyoshikwa kabla ya kuzing'oa.

Hatua ya 7: Kurudisha, kujaribu, kufunga

Rudi nyuma kwa picha zako: fremu na bodi, utepe wa tachipadi na kifungio chake, skrubu ya ndani, kitako, betri, utepe wa chaji. Nusu ya nyuma ianzie juu, kwenye L2 na R2, halafu mikono.

Usifunge skrubu bado. Bana kwa mkono, washa, jaribu kila kitufe, zungusha analogi zote mbili uone hazigusi kingo za matundu, chomeka chaji uone taa.

Ganda jipya halina njia za skrubu. Skrubu yenyewe ndiyo inayochonga. Weka skrubu wima, kisha funga mbele taratibu. Ikishika, acha. Nguzo ya plastiki ikishapasuka haina dawa.

Pedi ikigoma kuungana na mashine, iunganishe kwa waya na ubonyeze PS. Ikiendelea kugoma, mgongoni karibu na L2 kuna tundu dogo: bonyeza kwa pini sekunde tano, kisha rudia.

Mwenye pedi ya Xbox One ajiandae na bisibisi ya nyota T8 yenye tundu katikati. Mikono ya pembeni inabanduliwa kwanza, na skrubu ya tano imejificha chini ya lebo kwenye chumba cha betri. Kwenye DualSense ya PS5 pambo la katikati linabanduliwa kwanza, na skrubu mbili za juu ziko chini ya L1 na R1. Zote mbili zifungue ukishazoea DualShock.

Ganda la zamani usilitupe. Lifunge kwa utepe na vitufe vyake na springi ndani. Ile iliyoruka ukutani nililipia mbadala wake kwa kuvunja pedi nyingine nzima.