Ubeti Mmoja Kila Jioni: Kuandika Ukiwa Umefiwa

Ukifiwa, watu watakwambia lia, halafu watakwambia usilie sana. Cha kufanya katikati hapo hawakwambii. Mimi nilipokaa eda ya mume wangu hapa Pangani, miezi 4 na siku 10 ndani ya ua wangu, kila jioni baada ya alasiri nilitunga ubeti mmoja wa utenzi. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka mingi, kwa hiyo mizani, yaani silabi za kila mstari, haikunitisha. Na wewe isikutishe, nitakuonyesha.

Tafuta daftari na penseli. Penseli, si kalamu ya wino, maana utafuta sana. Kaa mahali unapoona kitu chenye uhai: mti, kuku, mbingu kidogo. Kizuka, yaani mjane aliye edani, hatoki kwenda kutembea ufukweni, kwa hiyo mimi nilikuwa na mlimau, mgomba na kipande cha mwezi juu ya bati. Vilitosha. Wakati wa bamvu, maji yanapojaa sana, bahari ilisikika mpaka kitandani, wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, ikanyamaza, nikawa najua mwezi umefika wapi hata kukiwa na mawingu.

Kwanza andika sentensi moja ya kawaida juu ya ulichokiona leo. Si jana, wala siku ya mazishi. Mfano, juu ya ndege aitwaye chozi: "Chozi ananing'inia kichwa chini kwenye ua la mgomba, anafyonza, anaruka, anarudi." Usiandike "ndege mzuri", mwache afanye kazi yake tuone. Marehemu usimtaje bado. Atakuja mwenyewe.

Kisha igeuze sentensi iwe ubeti. Ubeti wa utenzi una mistari minne, kila mstari mizani nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani inaishia kwa sauti moja, na wa nne una kina chake, ambacho hubaki hichohicho mpaka mwisho wa utenzi. Hesabu kwa vidole vya mikono miwili ukiacha magumba, vitakuja vinane kamili. M-li-ma-u ni mizani nne, kwa sababu "m" hapo inasikika peke yake. Mwe-zi ni mbili tu. Kwangu mimi dawa iko hapa: mtu anayetafuta mizani ya nane hawezi wakati huohuo kuzama. Kichwa kimepewa kazi, na moyo unapata nafasi ya kusema polepole. Ndiyo maana simshauri aliyefiwa ajaze kurasa kwa kila kinachomjia. Wengine huinuka hapo wameelemewa kuliko walivyokaa. Na umbo hili si geni kwa mambo mazito. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa.

Sasa furaha, ambayo ndiyo inayowasumbua wengi, kwa sababu inakuja bila ruhusa na watu wanakutazama.

Marehemu aliupanda ule mlimau mwenyewe, nao ukagoma kuzaa. Kila msimu alikuwa akiusimamia na panga: "Mwaka huu usipozaa, nakukata!" Kisha anaupiga shinani kwa bapa, kama wazee wanavyofanya. Haukujali. Katikati ya eda ukachanua wote, chini mpaka kileleni. Nikacheka kwa sauti. Wifi yangu, aliyekuwa akichagua mchele barazani, aliinua kichwa akanitazama. Sikumjibu kitu. Jioni nikaandika:

Mlimau waridhia,
Nyuki wameuvamia,
Panga lako latulia,
Nani sasa wa kugomba?

Kesho yake nikamsomea wifi. Akasema, "Kaka alikuwa akiugombeza hata kwenye simu. Eti ananiuliza kama mlimau wa kwangu umezaa."

Tazama mpangilio wake. Mlimau na nyuki wana furaha yao, panga limetajwa tu, na pengo la mtu limeachiwa mstari wa nne. Furaha ikija, usiiombee radhi ndani ya ubeti. Ukianza "ingawa nina huzuni" umeshapoteza mizani nane bure, na huzuni haihitaji kutambulishwa, iko nyumbani kwake.

Kina cha mwisho kichague mapema, na kiwe chenye maneno mengi. Mimi niliangukia "-mba", na baada ya hapo kila jioni mstari wa nne ulinipeleka kwenye nyumba, chumba, shamba, kuimba, kuomba. Kote huko alikuwepo. Ukichagua kina kigumu utajikuta unalazimisha maneno ya ajabu, ubeti ukawa wa kujionyesha.

Siku usiyoweza, andika mstari mmoja na tarehe, ulale. Usiku ukishindwa kulala na mchana ukishindwa kula, na hali hiyo ikaendelea, nenda hospitali na umwambie mtu wa karibu. Daftari halitibu hilo.

Beti zikifika kumi hivi, ziimbe. Utenzi ni wa kuimbwa, na sikio litakuonyesha mstari uliopungua kabla ya vidole. Mwimbie mtu aliyemjua marehemu, maana atakuongezea jambo ambalo hukulijua, nalo ni ubeti wa kesho. Ukikuta mstari una mizani tisa na umeupenda, uache hivyohivyo. Hakuna wa kusahihisha, mimi nimestaafu.