Redio ya mtandaoni inakatika: tafuta kwanza inakatikia wapi (Icecast)

Habari za kazi wakuu. Somo hili ni kwa wanaorusha sauti kwa Icecast, programu ya seva inayosambaza sauti mtandaoni, iwe ibada, redio ndogo au mechi. Sauti ikikatika wengi hukimbilia kubadilisha mipangilio ya seva. Usiguse kitu bado. Sauti hupita vipande viwili vya njia: studio hadi seva, kisha seva hadi msikilizaji. Jua kwanza kipi kimekufa.

Hatua ya 1. Fungua kwenye kivinjari anwani ya seva na poti 8000. Ukurasa wa Icecast ukifunguka, seva iko hai. Usipofunguka, angalia kama programu imewashwa na fayawoli (kinga ya mtandao ya seva) imeruhusu poti hiyo.

Hatua ya 2. Soma logi, yaani faili ambamo seva huandika matukio yake. Kwenye Debian na Ubuntu iko /var/log/icecast2/error.log. Hapa ndipo majibu mengi yalipo, na ndipo watu hawaangalii. Ukiona chanzo, yaani kompyuta ya studio, kinaingia na kutoka kila mara, tatizo ni intaneti ya studio. Chanzo kikikataliwa kwa msimbo wa kosa 401, paswedi haifanani na source-password iliyo kwenye icecast.xml, faili la mipangilio ya seva. (Kama bado ni "hackme", ibadilishe leo hii.) Ikija 403 mara tu baada ya mtandao kurudi, mara nyingi seva bado inashikilia muunganisho wa zamani; source-timeout, yaani muda seva inaosubiri chanzo kilichonyamaza, kwa kawaida ni sekunde 10, subiri ziishe ndipo uunganishe.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya kasi ya kupakia. Seva ikiwa hapo hapo studio Mwanjelwa, Mbeya, wasikilizaji 40 kwa kilobiti 64 ni kilobiti 2,560 kwa sekunde, zote zinatoka kwenye laini yako. Hamishia seva kwenye kituo cha data, studio itatoa 64 tu. Kwa maoni yangu, seva ya studio ni ya majaribio.

Hatua ya 4. Logi ikiwa safi na wewe unasikia vizuri, shida iko kwa msikilizaji. Mwongezee mkondo (stream) wa pili wa kilobiti 32.

MASWALI

Tukuyu: Mkuu, kwenye tovuti yetu kitufe cha kusikiliza hakifanyi kazi, ila nikifungua linki moja kwa moja inapiga.
Jibu: Tovuti yenu ni https na mkondo ni http, kivinjari kinauzuia. Wekeni cheti cha https kwenye seva, au mpitishe mkondo kupitia Nginx, programu ya seva ya wavuti iliyo na cheti hicho.

Njombe: Shikamoo fundi. Umeme ukikatika wasikilizaji wote wanatoka. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Kwenye icecast.xml weka fallback-mount (mkondo wa akiba) ielekee kwenye faili la muziki lililo ndani ya seva, na fallback-override iwe 1 ili studio ikirudi wasikilizaji nao warudi. Faili liwe la aina ile ile ya mkondo: MP3 kwa MP3.

Iringa: Watu wa Kihesa wanasikia goli baada ya jirani kushangilia. Inapunguzika?
Jibu: Kidogo. Burst-size ya baiti 65,535 kwenye kilobiti 64 ni kama sekunde 8 za sauti anazopewa msikilizaji mara anapoingia. Ukiipunguza hadi nusu atasogea karibu na uwanja, ila mwenye mtandao dhaifu ataanza kukwama. Kwa mpira ipunguze, kwa ibada iache.