Andika niuroni yako ya kwanza kwa Python, kisha ihakiki kwa kalamu

Anayeanza akili mnemba hukutana na niuroni (mfano wa seli ya neva) isiyojua saa: namba zinaingia, zinazidishwa, zinajumlishwa, jibu linatoka. Ya ubongoni huenda na muda. Tutaandika mojawapo ya zilizo nyepesi zaidi, inayokusanya chaji huku ikivuja. Chimbuko lake ni kazi ya Mfaransa Louis Lapicque ya mwaka 1907, aliyekuwa akisisimua neva za chura kwa umeme. Milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952, iliyotokana na neva nene ya ngisi, ina undani zaidi, lakini usianzie huko. Utapotelea kwenye mambo ya ayoni (chembe zenye chaji) kabla hujaona mpigo hata mmoja, yaani mruko mfupi wa umeme ambao niuroni hutoa.

Hatua ya 1: vipimo

Utando uliotulia: milivolti −65. Kizingiti: −50; volti ikifika hapo, niuroni hupiga na kurudi −65. Ukinzani: megaomu 10. Muda wa kuvuja (tau): milisekunde 10. Mkondo uwe kwa nanoampea, maana megaomu mara nanoampea ni milivolti, na hutahitaji kubadilisha chochote.

Hatua ya 2: kalamu kwanza

Hapa ndipo wengi huruka, wakakimbilia grafu. Grafu ya niuroni hupendeza hata ikiwa imekosewa, kwa hiyo mimi siiamini kabla ya kuwa na namba ya kuipimia.

Kutoka −65 hadi −50 ni milivolti 15. Gawanya kwa 10: mkondo usiozidi nanoampea 1.5 hautafyatua kitu, hata ungoje hadi kesho. Ukitia nanoampea 2, volti huvutwa kuelekea milivolti 20 juu ya utulivu, na muda wa kufika 15 ni 10 × ln(20/5) (ln ni logi asilia), yaani milisekunde 13.86. Ndani ya sekunde moja inaingia mipigo 72. Iandike pembeni.

Hatua ya 3: programu (dt ni urefu wa kila hatua ya muda, kwa milisekunde; V ni volti, R ukinzani, I mkondo)

```
dt, tau, R, I = 0.1, 10.0, 10.0, 2.0
tulivu, kizingiti = -65.0, -50.0
V, mipigo = tulivu, 0
for hatua in range(int(1000/dt)):
    V += dt * (tulivu - V + R*I) / tau
    if V >= kizingiti:
        mipigo += 1
        V = tulivu
print(mipigo)
```

Hatua ya 4: isumbue

Iendeshe, itoe 72. Weka I = 1.4, upate 0. Weka 1.6, upate 36: mkondo umeongezeka kidogo tu, niuroni imetoka kimya hadi mipigo 36 kwa sekunde. Rudisha 2.0, kisha fanya dt iwe 1. Sasa ni 71. Mpigo uliopotea umemezwa na hatua zako ndefu, niuroni haijabadilika.

Hatua ya 5: pumziko

Baada ya kila mpigo, ishikilie V kwenye −65 kwa milisekunde 2, dt ikiwa 0.1. Kwa kalamu, 13.86 inakuwa 15.86, na mipigo inashuka hadi 63. Programu ikizidi kukupa 72, angalia: huenda unahesabu muda wa pumziko lakini bado unaruhusu mstari wa V += ufanye kazi.