Tanuri la Jua la Kukaushia Mbao: Joto Tunalo, Kazi Ni Kuliongoza

Mkulima wa Mubende au Kiboga, nchini Uganda, anayepasua misindano na mikaratusi yake mwenyewe huuza mbao ikiwa bado inatoa maji, na bei anayopewa huwa ni ya mbao mbichi. Seremala akiinunua, akatengeneza mlango wiki hiyo hiyo, kufikia kiangazi mlango umepinda. Tanuri la jua ni banda dogo lenye paa linalopitisha mwanga, mabati meusi chini ya paa hilo na feni chache, na linaweza kushusha unyevu wa mbao hadi karibu asilimia 12, ambacho ndicho kiwango kinachofaa samani za ndani. Mbao iliyopangwa kivulini haifiki hapo kwa urahisi, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba.

Tahadhari ya kwanza inahusu michoro. Mingi inayosambaa ilichorwa kwa ajili ya Marekani, ambako jua hukaa upande wa kusini, na ndiyo maana paa lake huinuka sana kama ubao wa darasani ulioegemezwa ukutani. Uganda inapitiwa na ikweta, jua la mchana liko karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, unaotosha kutiririsha mvua, ndio bora. Anayenakili paa la ugenini hupoteza joto na mbao za kujengea.

Kuhusu ukubwa, mita 1 ya mraba ya paa huhudumia takribani robo ya mita ya ujazo ya mbao. Paa la mita 5 kwa 3.2 linatosha mita za ujazo 4, yaani kama mbao 120 za inchi 12 kwa 1, zenye urefu wa futi 14, zikipangwa nne nne kwa matabaka 30. Kwa paa, tumia nailoni ya banda kitalu iliyotengenezwa kustahimili jua, kwa kuwa nailoni ya kawaida huchanika upesi. Kuta ziwe za matabaka mawili ya mabanzi yaliyojazwa vumbi kavu la mbao katikati, na sakafu itandikwe nailoni ili unyevu wa ardhi usipande.

Mahali ambapo matanuri mengi hushindwa ni katika hewa. Mita moja ya ujazo ya mkaratusi yenye uzito mkavu wa kilo 500 ikishuka kutoka unyevu wa asilimia 60 hadi 12 hutoa lita 240 za maji, na maji hayo yote sharti yapite kwenye matundu ya kutolea hewa. Tundu la kutolea liwe upande ambao feni zinasukuma, na la kuingizia liwe upande zinakovuta. Ukiyageuza, mvuke utazunguka humo humo. Kisha ziba kwa turubai nafasi yote iliyo juu na kando ya mrundo, kwa sababu hewa hufuata njia nyepesi na haitajipenyeza kati ya mbao kama kuna mwanya wa kukwepea. Feni ziunganishwe moja kwa moja na paneli za sola bila betri. Jua likizidi zinaongeza kasi, likizama zinasimama zenyewe, na usiku unyevu wa ndani hupanda na kuulegeza uso wa mbao uliokazwa mchana.

Mapumziko hayo ya usiku ndiyo yanayookoa mkaratusi. Katika tanuri la kwanza nililosimamia nilifungua matundu yote tangu siku ya kwanza, nikijivunia joto. Siku ya nne nyufa ndefu zilikuwa zimeingia kutoka ncha za mbao, na ndani ya baadhi yake kiini kilikuwa bado kibichi huku uso umekwisha kujifunga. Sasa hupaka ncha rangi nzito siku ile ile ya kupasua, huacha mkaratusi kivulini hadi ufike karibu asilimia 30, ndipo huuingiza na matundu yakiwa yamefunguliwa kidogo tu. Msindano ni kinyume: ukicheleweshwa unashikwa na madoa ya buluu ya kuvu, hivyo uingie mapema na matundu yawe wazi. Usichanganye aina hizi mbili katika mrundo mmoja.

Vijiti vya kutenganisha mbao viwe vikavu, vya inchi 1 kila upande, vikae kila baada ya sentimita 40 hadi 60, na kila kijiti kilale sawasawa juu ya mwenzake wa tabaka la chini, katika mstari mmoja wima. Juu ya mrundo weka mawe au matofali.

Kupima unyevu hakuhitaji kifaa cha gharama. Kata kipande chembamba katikati ya ubao, si kwenye ncha, kipime uzito papo hapo, kisha kikaushe ndani ya oveni kwa joto la nyuzi 103 hadi uzito usibadilike tena. Kipande cha gramu 150 kikibaki gramu 120, maji yaliyotoka ni gramu 30. Zigawe kwa 120, upate asilimia 25. Rudia kila baada ya siku chache, na uandike.

Tanuri hili halifikishi kiini cha mbao kwenye joto la uhakika la kuua wadudu wanaotoboa, kwa hiyo mbao zenye matundu ya wadudu yanayotoa vumbi ziwekwe kando tangu mwanzo. Mzigo uliokauka uhifadhiwe ndani ya stoo, juu ya magogo makavu na si juu ya saruji, ukiwa umefunikwa turubai. Ukiachwa barazani mwezi wa Aprili utanyonya unyevu upya.