Kabla hujafunga sabufa kubwa kwenye Nissan Leaf
Wenye Leaf, hili gari la umeme, mnaotaka besi nzito, umeme wa amplifaya chukueni kwenye ile betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya boneti. Nyaya za rangi ya chungwa msiziguse kabisa. Zile zinabeba umeme wa betri kubwa, karibu volti 360, na huo unaua.

Amplifaya ya klasi D ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu haipotezi umeme mwingi kwa joto. Hata hivyo, ikitoa wati 500 itavuta ampea 45 hivi, kwa hiyo nunua waya wa shaba tupu, si wa alumini iliyopakwa shaba (huo umejaa madukani!). Fyuzi ikae sentimita 30 au pungufu kutoka kwenye betri. Waya wa ethi ufunge kwenye bati lililokwanguliwa rangi.

Ukipiga muziki gari limeegeshwa, liwashe kabisa mpaka taa ya kijani yenye kigari na mshale iwake. Bila hivyo betri kubwa haiichaji ile ndogo, na ndogo ikiisha, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa.