Namna ya kuchagua lenzi moja ya kutembea nayo Unguja na Pemba

Mpigapicha anayeanza asubuhi yake Darajani, akapita vichochoro vya Mji Mkongwe, akateremka Forodhani jioni na siku ya pili akapanda boti kwenda Mkoani, hawezi kubeba lenzi tano begani. Wala haimfai kubadilisha lenzi kila anapoona kitu kipya, kwa sababu kila mara kamera inapoachwa wazi karibu na ufukwe, mchanga laini na hewa ya chumvi hupata njia ya kuingia ndani na kutua juu ya sensa, yaani kibamba cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Ndiyo maana lenzi moja nzuri ya zumu, yaani ile inayoweza kuchukua eneo pana na pia kuvuta karibu kitu kilicho mbali, huwa ndiyo ununuzi wenye manufaa zaidi baada ya kamera yenyewe. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza lenzi inavuta hadi wapi. Mimi nashauri swali la kwanza liwe inaanzia wapi.

Kila lenzi ya zumu huandikwa namba mbili za milimita, kwa mfano 18–55 au 24–105. Namba ndogo ni upande wa upana na namba kubwa ni upande wa kuvuta. Namba hizo hazina maana kamili mpaka zisomwe pamoja na ukubwa wa sensa. Sensa ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24. Sensa ya APS-C, iliyomo katika kamera nyingi za bei ya kati, ni ndogo zaidi na hivyo huona sehemu ya kati tu ya picha ambayo fulu fremu ingeiona: kwa Nikon, Sony na Fujifilm zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, kwa Canon zidisha kwa 1.6, na kwa kamera za Micro Four Thirds za Olympus na Panasonic zidisha kwa 2. Kwa hesabu hiyo, lenzi ya 18–55 inayouzwa pamoja na kamera huanza kwenye upana wa takriban 27 au 29, wakati upana wa 24 hupatikana kwa lenzi inayoanza 16 kwenye Nikon, 15 kwenye Canon na 12 kwenye Olympus. Namba zote za upana na za kuvuta nitakazotaja hapa chini ni za kiwango cha fulu fremu, isipokuwa pale ninapotaja lenzi kwa jina lake.

Tofauti ya 24 na 28 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini Mji Mkongwe haiwi ndogo. Chukua mlango wa nakshi wenye kimo cha mita tatu, ulio kwenye kichochoro kinachokuruhusu kurudi nyuma mita mbili tu kabla mgongo haujagusa ukuta wa nyumba ya pili. Shika kamera wima, gawa 36 kwa milimita za lenzi, kisha zidisha kwa umbali uliosimama. Kwa 24 utapata mita tatu kamili, na mlango wote utaingia. Kwa 28 utapata mita 2.57, na kwa 35 utapata mita mbili na kidogo. Sentimita arobaini na zaidi zinazopotea kwenye 28 huwa ni za juu, na kwa milango mingi ya zamani huko juu ndiko kwenye nakshi bora, pamoja na maandishi ya Kiarabu na mwaka. Unaweza kuinamisha kamera kuelekea juu, lakini hapo miimo itaanza kuegemeana, na mlango uliochongwa kwa ustadi utaonekana kama unaanguka kinyumenyume. Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi ndani ya nyumba, katika chumba cha madrasa na kwenye ukumbi mdogo wa shughuli ambako watu arobaini wamekaa mkekani. Kwa sababu hiyo, kwa mtu wa hapa, lenzi inayoanza 24 naiweka mbele ya lenzi inayoanza 28 hata kama ya pili inavuta mara mbili zaidi.

Upande wa kuvuta, mahitaji ya kila siku ni ya wastani kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia 70 hadi 105 sura ya mtu hutoka vizuri bila pua kukuzwa, na kina mama wanaolima mwani Paje au Jambiani hupigwa picha nzuri zaidi na mtu aliyewafuata majini, akasalimia na kuomba ruhusa, kuliko aliyejificha kwenye minazi na lenzi ndefu. Kima punju wa Jozani wamezoea watu, hivyo 100 hadi 150 mara nyingi hutosha bila ya kuwasogelea. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba ni jambo jingine, kwa kuwa usalama unataka usimame mbali, na hapo 200 husaidia kwelikweli. Popo wa Pemba walioning'inia juu mitini Kidike, kwa upande wao, hawafikiwi vizuri na lenzi yoyote ya kutembelea. Ukiwataka hao, tafuta lenzi ndefu ya kazi hiyo na usiharibu uchaguzi wako wa kila siku kwa ajili yao.

Naeleza hivyo kwa sababu lenzi zinazoahidi kila kitu, kama zile za 18–200 na zaidi kwa APS-C, hulipia urefu wao mahali pengine. Kadiri zumu inavyopanuka ndivyo vioo vyake vinavyolazimika kufanya kazi zinazopingana, na matokeo yake pembe za picha hulegea, mistari iliyonyooka hupinda, na mwanga unaoingia hupungua pale unapovuta. Kamera za sasa hunyoosha mistari zenyewe, lakini mwanga ambao haukuingia haziwezi kuurudisha.

Mwanga unatawaliwa na tundu la lenzi, linaloandikwa kwa herufi f. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: f/2.8 huingiza mwanga mara mbili ya f/4 na mara nne ya f/5.6. Lenzi iliyoandikwa f/3.5–5.6 hupunguza tundu lake kadiri unavyovuta, ilhali iliyoandikwa f/4 peke yake hubaki hivyo mwanzo hadi mwisho. Visiwa vyetu viko karibu na Ikweta, na jua likishazama giza huingia haraka. Dakika chache baada ya adhana ya magharibi, Forodhani hubaki na taa za meza za wauzaji na moto wa mishikaki. Hapo lenzi ya f/5.6 inayohitaji ISO 6400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga, na ikipanda sana huleta chengachenga) ingepiga picha ile ile kwa ISO 1600 kama ingefunguka hadi f/2.8, na tofauti ya chengachenga usoni mwa mtu itaonekana waziwazi. Ikiwa kazi yako nyingi ni usiku na ndani ya nyumba, toa urefu upate f/2.8. Ikiwa ni mchana mashambani na pwani, f/4 inatosha.

Mfumo wa kutuliza mtikisiko, uwe ndani ya lenzi au ndani ya kamera, ni wa thamani kwa kuta, minara na majahazi yaliyotia nanga, kwani huruhusu shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga kwenye sensa, kukaa wazi kwa muda mrefu bila picha kutikisika. Hausimamishi mtu anayetembea. Kwa watu bado utahitaji 1/125 ya sekunde au haraka zaidi, na hilo huletwa na tundu kubwa au ISO ya juu.

Kwa wenye kamera za Canon za kioo (DSLR, zenye kioo cha kuakisi ndani) zenye APS-C, ambazo bado ni nyingi mikononi mwa watu, lenzi ninayoipenda kuliko zote ni EF-S 15–85 f/3.5–5.6, iliyotoka mwaka 2009, kwa kuwa huanza kwenye 24 hasa na ina kitulizi. Wenye Nikon za aina hiyo wana 16–80 f/2.8–4 ya mwaka 2015. Kwa Sony na Fujifilm za APS-C zisizo na kioo hicho (mirrorless), Tamron 17–70 f/2.8 ina tundu kubwa, kitulizi na kinga dhidi ya unyevu, ingawa ina uzito wa zaidi ya nusu kilo. Sigma 18–50 f/2.8 haifiki gramu 300 lakini huanza kwenye 27 na haina kitulizi, hivyo inawafaa zaidi wenye kamera iliyo nacho ndani. Kwa fulu fremu, 24–105 f/4 ya Canon au Sony na 24–120 f/4 ya Nikon zimetengenezwa kwa matembezi ya namna hii. Hakikisha kwanza kwamba kifungio cha lenzi kinaingia kwenye kamera yako, kwani lenzi ya EF-S, kwa mfano, haiingii kwenye Canon ya kioo yenye fulu fremu.

Hali yetu ya hewa inaongeza sharti moja. Lenzi nyingi za zumu hurefuka zinapovuta, na zinaporefuka hunyonya hewa pamoja na vumbi na unyevu. Tafuta yenye mipira ya kuzuia maji na vumbi, angalau mmoja pale inapofungwa kwenye kamera. Unyevu wa masika huotesha kuvu kwenye vioo, na kuvu ikikomaa hula utando wa kioo usioweza kurudishwa, kwa hivyo weka hesabu ya kopo lisilopitisha hewa na silika jeli, yaani chembe za kunyonya unyevu, ndani ya bei ya lenzi.

Kabla ya kutoa pesa, fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta na usome milimita zilizohifadhiwa ndani ya kila faili. Kwa mfano, kwa mwenye lenzi ya 18–55, kama nyingi zimekwama kwenye 18, unahitaji upana. Kama zimekwama kwenye 55, unahitaji kuvuta. Kisha nenda dukani na kamera yako na kadi yako. Piga ukuta wenye mistari au gazeti lililobandikwa, tundu likiwa wazi kabisa, kwenye upana, katikati na mwisho wa kuvuta, ukikuza picha kulinganisha pembe ya kushoto na ya kulia; upande mmoja ukiwa umelegea na mwingine mkali, vioo havikukaa sawa, omba nyingine. Zungusha pete ya zumu polepole usikilize mkwaruzo wa mchanga, na uielekeze lenzi chini uone kama inateremka yenyewe. Kwa lenzi iliyotumika, fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kwa mbele ukiwa umeinama kidogo: vumbi kidogo si neno, lakini ukiona nyuzi zilizotandaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nawe usiinunue hata kwa nusu ya bei.